KRISMASI ILIPOPIGWA MARUFUKU NA WAKRISTO WENYEWE: TUNAJIFUNZA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila ifikapo mwezi wa Desemba maswali katika madarasa yetu huwa ni yale yale. Shule zimefungwa, maduka yamepambwa, kwa jirani kunanukia pilau, na mtoto anafika madrasa na swali lake: Kwa nini sisi hatusherehekei Krismasi? Wale wakubwa kidogo huongeza: Je, ni kweli kwamba hata Wakristo waliwahi kuikataza? Wengine wamelisikia jambo hili mitaani na wanalitumia kuwacheka wenzao wa shuleni, ilhali kisa chenyewe hawakijui. Kwa hiyo tumeona ni vyema katika toleo hili tukieleze kisa hicho kama kilivyokuwa, kisha tutazame kina mafunzo gani kwetu sisi Waislamu. Elimu nusu ni hatari, na mwenye kusema jambo juu ya watu wengine inampasa aseme kwa uadilifu.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, ni kweli. Sheria kali zaidi dhidi ya Krismasi katika historia ya Uingereza hazikutungwa na watu wasio na dini. Zilitungwa na Wakristo walioshika Biblia mkononi.

WALIKUWA NI NANI?

Katika karne ya 16 na ya 17 palikuwa na kundi la Waprotestanti wa Uingereza walioitwa Wapuritani. Hawa walitaka kanisa lao lisafishwe na kila jambo ambalo, kwa maoni yao, halina asili katika Biblia. Jirani zao wa Scotland walikuwa wamewatangulia, kwani tangu mwaka 1560, walipoachana na Kanisa Katoliki, viongozi wa kanisa lao walizikataa sikukuu kama hizo.

Hoja za Wapuritani juu ya Krismasi zilikuwa nne:

1. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu, wala haiamrishi watu kuiadhimisha siku hiyo. Habari za zamani zinazojulikana za kuadhimisha tarehe 25 Desemba zinatoka Roma katika karne ya 4, yaani zaidi ya miaka mia tatu baadaye.

2. Walisema kwamba sherehe hiyo imefanana mno na sherehe za wapagani wa Roma za majira ya baridi, ambapo watu walikula, wakanywa na kupeana zawadi.

3. Jina lenyewe kwa Kiingereza limebeba neno "misa", na wao walikuwa wakiipinga vikali misa ya Kikatoliki.

4. Siku zile 12 za sherehe zilijaa ulevi, kamari, ngoma na vurugu mitaani. Walisema huko si kumtukuza Yesu bali ni kumvunjia heshima.

Msomaji atazame vizuri hoja hizi. Zilikuwa ni hoja za watu wanaoipenda dini yao na wanaoiogopea isiharibike. Hatuwezi kusema walikuwa wapuuzi.

SIASA ILIVYOINGIA

Mwaka 1642 vita vilizuka baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Wapuritani wengi walikuwa upande wa Bunge. Mwaka 1643 Bunge lilihitaji jeshi la Scotland limsaidie, na Waskoti nao wakataka kanisa la Uingereza lifuate njia inayokaribiana na yao. Hapo jambo la dini likawa pia ni jambo la mapatano ya kivita.

Mwaka 1644 tarehe 25 Desemba iliangukia siku ambayo Bunge lilikuwa limeiweka kuwa ya kufunga kila mwezi. Watu wakawa wanauliza: tufunge au tusherehekee? Bunge likaamuru wafunge, tena kwa majuto zaidi kuliko siku nyingine. Mwaka 1645 ukatoka mwongozo mpya wa ibada, nao ukazifuta sikukuu zote zisizotajwa katika Biblia. Mwezi wa Juni 1647 likaja pigo la mwisho: Bunge likapitisha sheria ya kufuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Ili wanafunzi na watumishi wasikose mapumziko, walipewa Jumanne ya pili ya kila mwezi kuwa siku yao ya kupumzika.

Wengi husema kwamba aliyepiga marufuku Krismasi ni Oliver Cromwell. Hili linahitaji kusahihishwa. Sheria zile zilipitishwa na Bunge kabla Cromwell hajashika uongozi wa nchi, jambo lililotokea mwaka 1653. Yeye alizikuta zipo na akaziacha ziendelee.

WATU WALIPOKEAJE?

Hapa ndipo penye fundisho. Tarehe 25 Desemba 1647, katika mji wa Canterbury, meya aliamuru soko lifanyike na maduka yafunguliwe kama siku ya kawaida. Wenye maduka wengi walikataa. Wale wachache waliofungua walivamiwa na bidhaa zao zikatupwa huku na huko. Watu wakacheza mpira barabarani kwa makusudi, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Mwezi wa Mei 1648 walipofikishwa mahakamani watuhumiwa, wazee wa baraza la mashitaka, ambao walikuwa raia wa pale pale, walikataa kuwafungulia kesi. Muda mfupi baadaye jimbo zima la Kent likainuka kwa silaha dhidi ya Bunge. Jambo lililoanza kwa amri ya kufungua maduka likawa ni moja katika sababu za vita vipya.

Katika miaka iliyofuata waliotaka kusherehekea walifanya hivyo kwa kujificha. Mwaka 1657 mtu mmoja maarufu aitwaye John Evelyn alikuwa katika ibada ya Krismasi mjini London. Askari wakalizingira kanisa, naye na wenzake wakashikwa na kuhojiwa. Miaka mitatu baadaye, 1660, ufalme ulirejea chini ya Charles wa Pili, na sheria zile zote za Bunge zikabatilika. Krismasi ikarudi hadharani kana kwamba haikuondoka. Miaka 13 ya marufuku haikuwabadilisha watu nyoyo zao.

MAREKANI NA SCOTLAND

Wapuritani waliohamia Marekani walikwenda na msimamo wao. Mwaka 1621 katika makazi ya Plymouth, gavana William Bradford aliwaita watu kazini siku ya Krismasi. Baadhi ya wageni waliofika karibuni wakasema dhamiri zao haziwaruhusu kufanya kazi siku ile. Akawasamehe. Aliporudi mchana akawakuta wanacheza michezo barabarani. Akawanyang'anya vifaa vyao vya michezo na kuwaambia kwamba, ikiwa ni ibada, basi wakae majumbani mwao. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilitunga sheria ya faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa anaiadhimisha siku hiyo, na sheria hiyo ilidumu mpaka 1681. Hata ilipofutwa, watu wengi wa huko waliendelea kwenda kazini siku ya Krismasi kwa vizazi kadhaa. Massachusetts iliifanya kuwa sikukuu ya kisheria mwaka 1856, na serikali kuu ya Marekani mwaka 1870. Scotland nayo ilichelewa zaidi: Krismasi ilifanywa sikukuu ya umma mwaka 1958.

UPINZANI WA WASIOTAKA DINI KABISA

Karne ya 20 ilileta upinzani wa namna nyingine. Katika Urusi ya Kisovieti serikali haikuwa na ugomvi juu ya tarehe wala misa. Ugomvi wake ulikuwa na dini yenyewe. Kuanzia mwaka 1929 Krismasi haikuwa tena siku ya mapumziko, na hata mti wa sherehe ukapigwa vita, mpaka 1935 uliporuhusiwa tena, lakini sasa ukiitwa mti wa mwaka mpya. Krismasi ya Waorthodoksi wa Urusi, ambayo huangukia tarehe 7 Januari kwa sababu kanisa lao linafuata kalenda ya zamani, ilirudi kuwa sikukuu mwaka 1991. Nchini Cuba nako serikali iliiondoa Krismasi katika orodha ya sikukuu mwaka 1969, ikisema watu wanahitajika katika mavuno ya miwa. Ilirudishwa Desemba 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuwa anakaribia kuizuru nchi hiyo.

Wanafunzi wetu wasiishie hapo kwa kusema, "Hayo ni ya Wakristo." Serikali ile ile ya Kisovieti iliyofunga makanisa ilifunga pia misikiti kwa maelfu. Wanawake wa Kiislamu wa Asia ya Kati walishinikizwa kuvua hijabu kuanzia mwaka 1927. Herufi za Kiarabu zilizotumika kuandikia lugha zao ziliondolewa, zikawekwa za Kilatini na baadaye za Kirusi, hata mjukuu akawa hawezi kusoma kitabu alichoachiwa na babu yake. Mkono uliozuia Krismasi ya jirani haukuchelewa kufika kwenye Idi yetu.

Na ili tuwe waadilifu, tuseme pia kwamba zipo serikali za Waislamu zilizochukua hatua kama hizo. Brunei ilitangaza mwaka 2014 kuzuia maonyesho ya Krismasi hadharani, huku ikiwaachia wasio Waislamu kusherehekea wao kwa wao. Somalia ilipiga marufuku sherehe hizo Desemba 2015, ikitaja sababu za dini na za usalama.

SISI TUSIMAME WAPI?

Kwanza, tujue kwa nini hatusherehekei. Sisi tunamwamini Nabii Issa (A.S.) kuwa ni Mtume mtukufu wa Mwenyezi Mungu, aliyezaliwa na Bibi Maryam bila ya baba. Kuzaliwa kwake kumeelezwa katika Suratu Maryam, na asiyemwamini Issa (A.S.) imani yake haijakamilika. Lakini hatuamini kwamba yeye ni mwana wa Mungu, na sikukuu hii imejengwa juu ya imani hiyo. Kwa hiyo sababu yetu ni itikadi. Hatuhitaji kuazima hoja za Wapuritani, kwa kuwa wao walimwabudu Yesu kila Jumapili. Mtoto anayemwambia mwenzake, "Hata nyinyi mliikataza," hajauelezea Uislamu hata chembe. Amemuudhi mwenzake tu.

Pili, kutoshiriki si kuzuia. Suratul Baqara, aya ya 256, inatufundisha kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Suratul An'aam, aya ya 108, inatukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine. Suratul Hajj, aya ya 40, inataja makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kwamba Mwenyezi Mungu huvilinda visibomolewe kwa kuwakinga watu wao kwa wao. Na imepokewa katika vitabu vya sira kwamba Wakristo wa Najran walipomjia Mtume (S.A.W.) Madina, aliwaachia wasali ndani ya msikiti wake.

Tatu, juu ya kutoa pongezi kwa jirani, wanavyuoni wametofautiana. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walikataza. Katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliruhusu maneno ya wema kwa jirani asiyetupiga vita, bila ya kushiriki ibada. Kushiriki ibada yenyewe kunakatazwa na pande zote mbili. Mwanafunzi awafuate wazazi na masheikh wake, wala asimnunie mwenziwe aliyefuata rai nyingine.

Nne, na hili ndilo tunalotaka lisomwe nyumbani. Hoja ya Wapuritani, kwamba jambo hili halikuamrishwa na limezuka baadaye, wengi wetu tunaifahamu. Ndiyo inayosikika miongoni mwetu kila ufikapo mwezi wa Rabiul Awwal, watu wanapojadili Maulidi. Hapa hatukusudii kuamua suala hilo, maana wanavyuoni wamekwisha kuandika mengi kwa pande zote mbili. Tunachosema ni kwamba tumeziona familia ambazo ndugu wawili hawasalimiani, na misikiti ambayo jamaa waliosali safu moja wamegawanyika, kwa sababu kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake badala ya kumfahamisha. Canterbury palikuwa na watu wa dini moja na kitabu kimoja. Hoja ya tarehe haikuwa dhaifu, lakini ilipobebwa na askari watu waliacha kuisikiliza, wakaanza kuupinga mkono ulioibeba.

Basi wanafunzi wetu, anayeamini kwamba jambo fulani si sahihi na aseme kwa dalili na kwa adabu, kisha amwachie Mwenyezi Mungu nyoyo za waja wake. Na wewe mzazi, mwanao akikuuliza Desemba hii kwa nini hatusherehekei, mjibu kwa kumsomea Suratu Maryam. Na jirani akikuletea salamu, mrudishie kwa uso mkunjufu, kwani naye atakuwa jirani yako siku ya Idi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuongoze katika njia iliyonyooka na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.