Amueni Mkiwa Bado Wakavu

Kati ya Desemba na Machi, watu wa Norwei na wa milima ya Alps hutoka kwa makundi kwenda kutembea juu ya theluji, wengine kwa skii, wengine kwa viatu vipana vinavyozuia mguu usizame. Miezi hiyohiyo, kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kinachozamisha mguu ni tope. Hata hivyo safari hazisimami. Wachuuzi wanasukuma baiskeli zilizobeba mawese na mchele, timu za chanjo zinafuata watoto vijijini, kwaya zinaalikana. Theluji na tope vinadai jambo moja: maamuzi magumu yafanywe kabla ya kuondoka, kwa sababu mtu aliyelowa, aliyechoka na anayewaonea wenzake haya haamui vizuri.

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 hata ukipima kama ndege arukavyo, na barabara haiendi hivyo. Kwa hiyo gaweni njia kwa vijiji vya kulala, si kwa hamu ya kufika. Mvua kubwa hupenda kunyesha baada ya adhuhuri. Kundi linaloondoka alfajiri na kupanga kufika saa nane mchana lina saa nne za akiba kabla ya giza. Jioni ya kuamkia safari, tafuteni aliyefika jana kutoka huko mnakokwenda. Mwulizeni daraja lipi limekatika, mtumbwi upo ng'ambo ipi, na usalama ukoje, hasa kwa wanaoelekea Salamabila. Habari ya wiki iliyopita haitoshi majira haya.

Wengi hudhani baridi haiwezi kuua kwetu. Maji hunyang'anya mwili joto haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Aliyeloa saa nyingi, amepigwa na upepo na hajala, joto la ndani ya mwili wake linaweza kushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, na hapo akili nayo huanza kuyumba. Mwangalieni anayetetemeka bila kukoma, anayejikwaa, anayesema maneno yasiyoeleweka. Yeye mwenyewe atasema hana neno. Msimngoje akubali: mvueni nguo mbichi, mfunikeni kwa kavu, na kama anameza vizuri mpeni chai ya moto yenye sukari. Ndiyo maana kila mmoja abebe nguo moja ya kubadili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na kundi liwe na turubai na kiberiti kikavu. Karanga na muhogo uliochemshwa viliwe njiani kidogo kidogo, kabla njaa haijauma.

Miguu ndiyo hukatisha safari nyingi. Msafiri David Livingstone alikwama Bambarre, Kabambare ya leo, mwaka 1870. Vidonda vya miguu vilimfungia ndani siku 80, kuanzia Julai hadi Oktoba. Ngozi inayoshinda majini hulainika, hupasuka, na uchafu huingia. Buti la mpira linazuia tope, lakini maji yakishaingia hayatoki, basi livueni na kulimwaga kila mnapopumzika. Usiku osheni miguu kwa sabuni, ikausheni hadi katikati ya vidole, na mlale nayo ikiwa mikavu. Mchubuko usafishwe na kufunikwa siku hiyohiyo.

Kwenye maji, mto Luama na vijito vyake vinaweza kupanda usiku mmoja. Maji yaendayo kasi yakipita magoti, msivuke kwa miguu: subirini yashuke au tafuteni mtumbwi. Mkivuka penye kina kifupi, kila mtu alegeze kamba za mzigo ili aweze kuutupa akianguka. Kwenye daraja la gogo, piteni mmoja mmoja.

Radi inahitaji maelezo marefu zaidi, maana Maniema ni nchi yake. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kampene, katika teritwari ya Pangi, nafasi ya tatu duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela na Kabare ya Kivu Kusini. Kampene hupata mimweko 177 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, simamisheni safari, na msiendelee hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Tokeni mlimani, mtoni na chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake. Kibanda cha nyasi kinazuia mvua, hakizuii radi. Lazeni baiskeli chini na mkae mbali nazo. Kisha mtawanyike, kila mmoja mbali na mwenzake, ili radi ikipiga wabaki wa kusaidia. Watembeao kwenye theluji hufanya vivyo hivyo wakivuka mteremko unaoweza kuporomoka. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshikeni bila woga, na asipopumua mwanzieni mara moja kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi.

Sasa mpangilio wa watu. Kirangozi atangulie akiijua njia, na mtu mwenye nguvu na subira awe wa mwisho, asipitwe na yeyote. Mwendo uwe wa aliye dhaifu kuliko wote, naye awe karibu na mbele, maana akiwa nyuma hufika wenzake wakiwa wameshapumzika na wanainuka. Hesabianeni kila mnaposimama.

Mwisho, kubalianeni saa ya kurudi. Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, na mojawapo inasema kugeuka mapema si aibu. Lakini aibu haiondoki kwa kuikana. Huondoka pale uamuzi unapokuwa umefanywa na wote tangu nyumbani: kama saa sita mchana hatujavuka mto, tunarudi, awe anayetungoja ni mkwe, padri au mnunuzi. Saa hiyo ikifika hakuna haja ya mjadala, na hakuna wa kuitwa mwoga. Mwambieni pia mwenyeji wenu wa mbele mnategemea kufika lini, na mkichelewa hadi kesho yake amtume nani, kwa njia ipi.