Ardhilhali ya Kukhu

Katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, yuko mama mtu mzima ambaye majirani wote, wadogo kwa wakubwa, humwita Kukhu, yaani nyanya. Naye tangu binti yake alipofariki anamlea mjukuu wa miaka 19 asiyeweza kukaa bila kuegemezwa, wala kula bila kulishwa, wala kueleza haja yake ila kwa macho. Mtu asiyepata kuishi nyumba moja na kijana wa namna hii hudhani kuwa mzigo ni chakula, kumbe ni sabuni, ni nepi za watu wazima, ni nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi hospitalini, na zaidi ya hayo ni siku nzima ya mlezi, ambaye hawezi kwenda kibarua wala kutandaza mboga zake sokoni, kwa kuwa akiondoka saa mbili tu atarudi amkute mjukuu amelowa, na uji wa asubuhi umemkaukia shingoni.

Serikali ya Kenya iliukiri mzigo huo mwaka 2011, ilipoanzisha ruzuku kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi usiku na mchana, ruzuku ambayo sasa imo katika mpango wa Inua Jamii. Kima chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo ukizigawa kwa siku hazifiki shilingi 67. Na asidhani mtu kuwa hiyo ni sadaka, maana Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yailazimu dola kumpa msaada mtu asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea.

Sasa, ruzuku hupunguzwa kwa njia nyingi. Iko njia ya wazi, ya kukata fungu katika bajeti, na hiyo huonekana magazetini. Na iko njia ya kimya, ambayo naiona kuwa mbaya zaidi kwa sababu haina siku ya kutangazwa: kima kikaachwa palepale kwa zaidi ya miaka 10 ilhali unga na sukari vinapanda, malipo yakachelewa mwezi baada ya mwezi, na orodha ikabaki fupi. Kwa miaka mingi kaya zilizopokea ruzuku hii zilikuwa karibu 47,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Si wote hao wenye ulemavu mkali, lakini pengo ni kubwa mno.

"Mwalimu," Kukhu aliniambia mwezi wa nne, akiwa amesimama mlangoni kwangu na simu yake mkononi, "pesa ya huyu mtoto haijaingia tangu Krismasi. Nimeenda ofisini mara tatu, wananiambia ningoje ujumbe. Sasa nimwambie nani?"

Swali hilo ndilo hasa, maana aghalabu watu humwendea mwakilishi wa wadi, kwa kuwa yu karibu na wanamwona matangani, wakarudi mikono mitupu wakisema kuwa viongozi hawasikii. Bunge la kaunti lina bajeti yake, na mambo ya zahanati yapelekwe huko. Lakini ruzuku hii ni ya serikali ya taifa, na ufunguo wa hazina hiyo uko mikononi mwa Bunge la Taifa. Kwa mkazi wa Amalemba, basi, wa kwanza kuandikiwa ni mbunge wa Lurambi, na wa pili ni mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ambaye naye hupiga kura katika bunge hilohilo. Katika Seneti, Katiba imeweka viti viwili, cha mwanamume na cha mwanamke, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Na hao wafaa kuandikiwa pia, maadamu ni wajibu wao kulisemea jambo hili hata kama si wao wapitishao fungu la wizara.

Wakati nao una hukumu yake. Makadirio ya matumizi hufikishwa bungeni kabla ya mwezi wa nne kwisha, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati hapo kamati ya Bunge inalazimishwa na kifungu cha 221 kusikiliza maoni ya wananchi. Barua ya mwezi wa tano hukuta hesabu zingali mezani, ile ya mwezi wa nane huzikuta zimekwisha kufungwa.

Barua isipojibiwa, iko ardhilhali, ombi rasmi kwa Bunge, ambalo kifungu cha 119 kimempa kila mtu haki ya kulipeleka. Sheria ya mwaka 2012 inayolisimamia haidai wakili wala taipu: laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, mradi liwe la adabu, liseme bayana linaloombwa, na lieleze mwombaji amekwisha kujaribu wapi na akajibiwa nini. Kwa hiyo nakala ya barua ya kwanza, yenye muhuri wa kupokelewa, itunzwe kama hati ya shamba.

Je, wabunge hugeuka? Huko Uingereza, mwezi wa tatu 2025, serikali ilitangaza kukaza masharti ya posho ya watu wenye ulemavu. Wananchi wakawaandikia wabunge wao na kuwaendea, na zaidi ya wabunge 120 wa chama tawala chenyewe wakaupinga mpango, hata tarehe 1 Julai, siku ya kura, serikali ikayaondoa masharti yale. Hawakupata yote, kwani posho nyingine ilipunguzwa kwa waombaji wapya.

Tuliandika barua ya Kukhu jioni ileile aliponijia mlangoni, mistari kumi na miwili: jina la mtaa, miezi isiyolipwa, bei ya nepi, na ombi moja, kwamba mbunge aulize katika kamati fedha hizo zi wapi. Kukhu hakusoma, hivyo alitia kidole gumba. Kisha akaichukua karatasi nyumbani, nami nikamfuata na kibweta cha wino. Akamweleza mjukuu wake, polepole, kwa Kiisukha, barua ile inasema nini, akangoja. Macho yalipojibu, alimpangusa mkono kwa pindo la leso, akakunjua kidole kilichokakamaa, akakibonyeza kando ya chake. Alama ilitoka nusu.