Jina la Tovuti Hukodishwa, Halinunuliwi

Katika bajeti nyingi za miradi ya parokia kuna mstari mmoja mdogo ambao hauulizwi na mtu: "tovuti na barua pepe". Fedha yake ni kidogo ukilinganisha na saruji au mabomba ya maji, kwa hiyo hupitishwa haraka na kikao kikaendelea na ajenda nyingine. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini mstari huo unastahili kutazamwa. Biashara ya majina ya mtandao ina watu waaminifu, lakini pia ina wajanja wa siku nyingi, na anayeumia mara nyingi ni kikundi kidogo kisicho na mtu wa kufuatilia.

Jina la kikoa ni yale maneno yanayofuata alama ya @ katika barua pepe, au yanayoandikwa ili kufungua tovuti, na huishia na .org, .com, .or.tz na kadhalika. Wengi hudhani wakishalipa wamelinunua. Sivyo. Kwa mtu wa Kanoni tungesema hivi: jina la kikoa si kibanja ulichoachiwa na baba yako. Ni fremu ya duka pale Omurushaka, unayoilipia kodi kila mwaka, na ukichelewa anaingia mwingine. Mwenye jengo ni yule anayetunza orodha nzima ya majina. Kwa .org ni shirika la Public Interest Registry la Marekani; .tz husimamiwa hapa nchini, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lakini wewe hukutani na mwenye jengo. Unakutana na msajili, yaani kampuni yenye kibali cha kupangisha majina, na mara nyingi humwoni hata huyo, bali wakala wake, au kijana wa Kayanga aliyekutengenezea tovuti na kulipa kwa kadi yake mwenyewe.

Hapo katikati ndipo matatizo huzaliwa.

Tuchukue mfano wa kampuni iliyojiita Domain Registry of America. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikituma barua kwa wenye majina ya mtandao, zenye sura ya ankara, zikisema jina lako linakaribia kwisha muda, lipa sasa. Mhasibu mwenye kazi nyingi aliona ankara akailipa. Kumbe kwa kulipa alikuwa amekubali kulihamishia jina kwa msajili mwingine kabisa, tena wa bei ya juu. Desemba 2003 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliishitaki kampuni hiyo, na makubaliano ya kesi yaliwapa haki ya kurudishiwa fedha wateja wanaoweza kufikia 50,000. Barua hazikukoma. Ziliendelea kwa miaka mingine kumi, hadi Julai 2014, ambapo ICANN, shirika linalotoa vibali kwa wasajili wa .com, .org na mengineyo, lilimsimamisha msajili wa Kanada aliyekuwa nyuma ya biashara hiyo, Brandon Gray Internet Services. Miaka kumi ni mingi mno kwa ujanja ambao kila mtu alikuwa akiuona.

Kisa cha RegisterFly kilikuwa kibaya zaidi. Huyu alikuwa msajili halali, na bei zake zilikuwa nafuu. Kufikia mwaka 2006 wateja walianza kulalamika kuwa wamelipa kuhuisha majina yao, lakini fedha haikufika kwa mwenye orodha na majina yakapotea. Waliotaka kuhama walinyimwa namba ya siri ya kuhamishia jina. Waliosajiliwa kwa huduma ya kuficha jina la mmiliki walipata shida zaidi, kwani kwenye orodha hayakuonekana majina yao, na ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba mali ni yao. Machi 2007 ICANN ilitoa notisi ya kumfutia kibali, na majina yapatayo 850,000 yakahamishiwa kwa GoDaddy. Baada ya hapo wasajili walitakiwa kuweka nakala ya kumbukumbu za wateja kwa mtunzaji wa nje.

Leo ujanja umebadilika sura. Bei ya mwaka wa kwanza hushushwa sana, ya mwaka wa pili ikaandikwa kwa herufi ndogo. Kushusha bei si kosa. Kosa ni kuficha inayofuata. Aidha, jina la .org au .com likifutwa kwa kutohuishwa, mmiliki hupewa siku 30 za kulikomboa, lakini ada ya kukomboa mara nyingi huzidi kodi ya miaka kadhaa. Tangu Agosti 2013 kanuni za ICANN zinamtaka msajili kukukumbusha takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya muda kwisha, na mara nyingine ndani ya siku tano baadaye. Kukumbusha huko hufika kwa barua pepe. Kama anwani uliyomwachia msajili inatumia jina hilohilo linalokwisha, siku likizimwa na barua nazo zimezimwa. Tumieni anwani nyingine, na katibu na mhazini wote wawili wawe na neno la siri.

Tuseme kamati imekusanya michango ya zahanati kwa miaka mitatu, na jina likapotea. Anayelichukua anaweza kupokea kila barua inayotumwa kwenye anwani ya zamani, ikiwamo ya mfadhili wa Ulaya anayeuliza namba ya akaunti, naye akaijibu. Mfadhili hataona tofauti yoyote.

Kwa hiyo kamati iangalie kwanza jina limesajiliwa kwa nani. Liwe la parokia au kikundi, si la fundi, hata kama fundi ni mtoto wetu. Tarehe ya kuhuisha iandikwe kwenye daftari la mhazini. Mkitaka kuhama kutoka kwa msajili wa .org au .com, ombeni namba ya siri ya kuhamisha kwa maandishi. Anatakiwa kuitoa ndani ya siku tano. Jina jipya, au lililohamishwa karibuni, kwa kawaida hufungwa siku 60, na huo si uonevu. Kanuni hizi za ICANN hazihusu .tz, huko malalamiko yanapelekwa TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza.

Wafadhili nao, mkipata barua pepe inayobadilisha namba ya akaunti, hata ikitoka kwenye anwani mnayoifahamu, pigeni simu kwa katibu wa kamati kabla ya kutuma fedha.