Basi Lililoshindwa na Nduthi

Abiria anayesimama steji ya Ruiru asubuhi akielekea Thika hapimi gari kwa idadi ya watu linaowabeba kwa siku. Anapima dakika zake. Basi la viti hamsini halitoki mpaka lijae. Nduthi, pikipiki ya abiria, inaondoka naye peke yake. Ukihesabu barabara nzima, basi ndilo lenye kazi kubwa. Lakini kwa yule aliyeshika mkoba, nduthi imeshaingia Juja.

Minikompyuta, mashine za kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, zilianguka kwa namna hiyo mbele ya kompyuta za mezani, na maelezo mepesi kwamba zilizidiwa kasi tu hayaniridhishi.

Chukua VAX-11/780 ya kampuni ya Digital ya Marekani, iliyotangazwa Oktoba 1977. Ilijaza makabati, ikauzwa zaidi ya dola 100,000, na watu kadhaa waliitumia kwa pamoja, kila mtu na kibodi yake. Kasi yake ikawa rula ya dunia: MIPS 1, yaani amri milioni moja kwa sekunde. Rula hiyo ilikuwa imepinda. Watafiti Emer na Clark walipoipima ikiwa kazini, na kuchapisha matokeo mwaka 1984, walikuta kila amri inakula wastani wa mapigo 10.6 ya saa. Saa yenyewe ilipiga mara milioni 5 kwa sekunde. Gawanya, utapata chini ya amri nusu milioni. Ni kweli amri zake zilikuwa nzito, moja ikifanya kazi ya kadhaa, lakini wauzaji walilinganisha mashine kwa namba ile kana kwamba amri zote ni sawa.

Kampuni ya Sun ilianza mwaka 1982 na wekistesheni, kompyuta ya mhandisi mmoja, ikiendeshwa na chipu ya Motorola 68000. Ilikuwa dhaifu kweli. Chipu haikuwa na sehemu ya hesabu za desimali. Programu ilizikokotoa hatua kwa hatua, na hapo VAX iliiacha mbali. Ila VAX ile iliyokimbia alfajiri, ikifika saa nne na wenzako wameingia kazini, unabonyeza herufi unaingoja itokee. Ya mezani ilibaki vilevile kutwa nzima.

Mwaka 1985 ndipo mizani ilipoinama. Sun-3 ilitoka na takriban MIPS 2. Digital nayo ikatoa MicroVAX II, prosesa yake ikiwa kwenye chipu moja na kasi ya karibu asilimia 90 ya 780. Prosesa ya 780 ilitandazwa kwenye bodi nyingi, umeme ukisafiri bodi hadi bodi. Ndani ya chipu safari hiyo karibu iishe, na kila chipu mpya ikaja na kasi zaidi kwa bei ndogo. Mwaka 1987 Sun-4 ilifika MIPS 10.

Katika ushindi huo wa kompyuta ya mezani, ninachosikitikia ni kukosekana kwa mtunzaji. Mashine ya wote ilikuwa na fundi wake. Katika chuo kimoja nimeona safu ya kompyuta za mezani zimefunikwa nailoni, vumbi juu, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

Kampuni zenyewe nazo hazikudumu: Compaq iliinunua Digital mwaka 1998. Sun nayo ikamezwa na Oracle mwaka 2010, wateja wake wengi wakiwa wameshahamia mashine za bei nafuu zaidi, zenye chipu za ukoo uleule wa kompyuta za ofisini.