Je, Wajua? Furaha Ilipopimwa kwa Mate

Je, wajua kwamba wasiwasi wa kukosa pesa unaweza kuacha alama kwenye mate ya mtu? Mwili ulioelemewa na msongo humwaga homoni iitwayo kotisoli, na homoni hiyo hupimika mateni. Kati ya 2011 na 2013, wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walitumia kipimo hicho huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, katika vijiji ambako shirika la GiveDirectly lilikuwa likigawa fedha bila masharti yoyote. Sifa ya kustahili ilionekana kwa macho: nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Kati ya wenye nyumba hizo, bahati ndiyo iliyoamua nani apate, na fedha ziliingia kwa M-Pesa. Kuna waliopata shilingi 25,200 na kuna waliopata 95,200. Hata hicho kiasi kidogo kilifikia matumizi ya kaya ya kawaida ya pale kwa miezi miwili au zaidi.

Waliopata walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda, jambo ambalo wengi wanaohofia kuwapa maskini pesa walipaswa kulisikia mapema. Walipoulizwa kuhusu hali zao, walieleza kuwa na furaha zaidi, kuridhika zaidi na maisha na msongo mdogo kuliko wenzao waliokosa. Lakini mate ndiyo yaliyosema kwa undani. Kwa wastani wa jumla kotisoli haikubadilika sana. Tofauti ilijitokeza kwenye namna ya kutoa. Kotisoli ilikuwa chini kwa waliopewa kiasi kikubwa kuliko waliopewa kidogo, chini pale fedha zilipokabidhiwa mke kuliko mume, na chini kwa waliolipwa kwa mkupuo kuliko waliolipwa mwezi kwa mwezi.

Hilo la mkupuo linastahili kutazamwa vizuri. Waliolipwa kila mwezi walipata nafuu zaidi kwenye chakula. Waliolipwa kwa mara moja walinunua zaidi vitu vya kudumu. Paa la nyasi hudai nyasi mpya na fundi mara kwa mara. Aliyeweka bati amefuta gharama hiyo kwa miaka mingi, na usiku wa mvua halazimiki kuamka kusogeza vitanda. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pesa inapofanya kazi yake kubwa kwa mtu asiyenacho: inaondoa jambo la kuhofia, na kulala bila hofu ni sehemu ya furaha ambayo mwenye nacho huisahau anaposema kwamba pesa si kitu.

Na majirani je? Haushofer na Shapiro waliwafuatilia pia wanakijiji ambao hawakupata chochote. Kadiri wenzao walivyoneemeka, kuridhika kwao na maisha kulipungua, ingawa hali yao wenyewe haikuwa imebadilika. Uchungu huo ulipungua kadiri muda ulivyopita. Kujilinganisha huko si tabia ya kijijini peke yake. Mwaka 1998 Sara Solnick na David Hemenway walichapisha majibu ya wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa Harvard walioombwa kuchagua: upate dola 50,000 kwa mwaka wakati wengine wanapata 25,000, au upate 100,000 wakati wengine wanapata 200,000. Karibu nusu walichagua kuwa na kipato kidogo, mradi wawazidi wenzao.

Lakini Siaya ilikuwa na sura nyingine. Katika utafiti wa baadaye uliohusisha vijiji 653, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Pesa haikukaa kwa waliopewa: iliingia madukani, kwa mafundi na kwa wauza mazao, na kaya zilizokosa nazo zikaongeza matumizi. Kila dola iliyotolewa ilikadiriwa kuzalisha karibu dola 2.5 katika uchumi wa eneo hilo.

Je, wajua kwamba hadithi maarufu ya washindi wa bahati nasibu husimuliwa vibaya? Inasemekana kwamba baada ya muda mshindi wa mamilioni na mtu aliyepooza kwa ajali huwa na furaha sawa. Chanzo chake ni utafiti wa Philip Brickman na wenzake wa mwaka 1978, uliohoji washindi 22 tu wa Illinois, Marekani. Waliopooza hawakuwa sawa na washindi. Furaha yao ilikuwa pungufu, ila si pungufu kama watu walivyodhania. Washindi ndio waliokaribiana na majirani zao wa kawaida, na mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, yaliwafurahisha kidogo kuliko majirani hao. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa maelfu ya wachezaji, na kuona kwamba walioshinda fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha hata baada ya zaidi ya miaka 10.

Huko Marekani mabishano kuhusu pesa na furaha yalikuwa makali. Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika mwaka 2010 kwamba furaha ya siku hadi siku hukoma kupanda mtu akifikia kipato cha dola 75,000 hivi kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, akitumia simu kuwauliza watu walivyojisikia wakati huohuo, aliona inaendelea kupanda. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja, Barbara Mellers akiwa msuluhishi, wakachambua takwimu upya. Jibu lao la 2023: kwa asilimia 20 ya watu wenye furaha ndogo kuliko wote, kupanda hukoma karibu na dola 100,000, kwa wengi waliobaki hakukomi. Kama mtu amefiwa au amezama katika sonona, nyongeza ya mshahara juu ya hapo haimfikii. Na kinachohesabika ni uwiano: kipato kikiongezeka maradufu, furaha hupanda kwa kiasi kilekile, uwe umeanzia chini au juu. Kwa hesabu hiyo, nyongeza ya elfu kumi kwa anayepata elfu kumi inalingana na nyongeza ya milioni kwa anayepata milioni.

Na namna ya kuitumia pesa je? Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio ambamo watu wa Vancouver, Kanada, walipewa bahasha asubuhi, yenye dola 5 au 20. Nusu waliambiwa wajinunulie kitu kabla ya saa kumi na moja jioni, nusu wamnunulie mwingine au watoe sadaka. Waliotumia pesa kwa ajili ya wengine walimaliza siku wakiwa na furaha zaidi. Baadaye jaribio kama hilo, la kukumbuka matumizi ya namna hizo mbili, lilifanywa Kanada na Uganda, na tokeo likawa hilohilo, ingawa miongoni mwa kumbukumbu za Uganda kulikuwa na mambo mazito kama pesa za kumtibu rafiki malaria. Kuhusu zile bahasha, wanafunzi wengine waliombwa kukisia matokeo. Wengi walisema kujinunulia kutafurahisha zaidi, na kwamba dola 20 zitazishinda dola 5. Walikosea yote mawili.