Ziwa Mchana, Monde Usiku

Oya wana, tusidanganyane. Mtoto wa Mwanza ukimuuliza viwanja vya bata, anakushushia listi kuanzia Kirumba mpaka Nyegezi bila kumeza mate. Sasa muulize Saanane kuna nini. Atakujibu "kuna simba", halafu anabadilisha stori. Kisiwa kile pale, ukiwa Capri Point unakiona kwa macho, boti ni dakika chache tu, na mwana kazaliwa Mabatini, kakulia Mabatini, hajawahi kutia mguu. Kichwani tumeshajijaza kwamba utalii ni wa wazungu na wanafunzi wa ziara ya shule. Mimi nabisha, na wala sibishi kizalendo. Nabisha kwa sababu bata la Mwanza lisilo na mchana ni bata nusu. Monde unaipata mji wowote Bongo hii. Mawe haya juu ya ziwa hili, utayapata wapi?

Sura ya mji unaijua: Jiwe la Bismarck pale Kamanga. Liko kwenye fulana, kwenye kava za simu, kwenye kila posti ya mtu aliyetua Rock City jana. Jiwe limesimama juu ya mawe wenzake ndani ya maji, ukilitazama unaona kama upepo ukizingua kidogo linaenda. Haliendi. Limewaona Wajerumani waliofungua kituo chao hapa 1892 na kulibatiza jina la Otto von Bismarck, chansela wao ambaye hata harufu ya dagaa wa huku hakuwahi kuinusa. Kabla yao alishapita John Hanning Speke, Agosti 1858, akaliona ziwa toka mlimani, akalipa jina la malkia wake, wakati Wasukuma walikuwa wanaliita Nyanza na maisha yanaenda freshi. Jiwe halina kiingilio. Timba jioni jua likiwa linashuka, piga picha zako, sepa. Hakuna cha kukaa hapo masaa.

Ila ukiwa hapo Kamanga angalia kivuko kinavyopakia watu wa Sengerema, utaelewa kitu. Mwanza ni mji wa mpakani, ila mpaka wetu hauna geti wala foleni ya malori kama Sirari au Mutukula. Mpaka ni maji. Karibu nusu ya ziwa ni ya Bongo, Waganda wana kipande chao kikubwa, Wakenya wanashikilia kakona ka kama asilimia 6. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, MV Victoria ilikuwa inazunguka Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza kama daladala la majini. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na meli zikagawanywa kama vyombo vya ndoa iliyovunjika: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja na Victoria zikaja kwetu. Victoria ikaja kulala kwa miaka, ikapigwa ukarabati, ikarudi majini 2020 na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu, inapiga ruti ya Bukoba. Ndiyo maana kwenye kaunta za huku usishangae jirani yako wa kushoto anaagiza kwa lafudhi ya Kihaya na wa kulia anamwita mhudumu "msee".

Turudi Saanane, maana hapo ndipo nina kesi na nyie. Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa anaishi huko na mambo yake ya kuvua na kulima. Serikali ikakichukua, na mwaka 1964 ikafungua bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikapandishwa cheo kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote: kilomita za mraba 2 na ushee, na hapo umeshahesabu na maji yake. Yaani hifadhi unaimaliza kwa raba, asubuhi moja, bila Landcruiser ya mtu. Pimbi wamejianika kwenye mawe kama hawadaiwi kodi. Swala wanakatiza. Simba wapo kweli, kwenye banda, kwa hiyo yule mwana hakudanganya. Ila kitu chenyewe ni kupanda juu ya mawe, ukakaa, ukautazama mji kwa nje: nyumba zimebandikwa mlimani, jiwe juu ya paa, paa juu ya jiwe, na unajiuliza fundi wa kwanza alianzia wapi. Mbongo analipa kwa shilingi, siyo dola. Pesa ya mizunguko miwili ya bia haikushindi, acha visingizio.

Ukitoka huko, Hotel Tilapia ipo palepale Capri Point, mbao juu ya maji. Ushuani huko, sikufichi. Soda moja itakufanya uisome menyu mara mbili. Agiza kimoja, kinywe taratibu, ziwa halina bili.

Siku nyingine panda gari la Kisesa. Mkifika Igoma, mpunguze kelele kidogo. Hapo ndipo walipozikwa watu wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imebakiza kidogo kufika bandarini. Walikufa mamia. Kwenye familia nyingi za huku, Mei ikifika kuna mama anakuwa kimya siku nzima, na hakuna anayemuuliza.

Kisesa unashuka, unaibukia Bujora. Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianzisha padri mmoja Mkanada, David Clement, miaka ya 1950. Kuna jengo limechongwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za watemi, kuna zana za waganga ambazo bibi yako angekukataza hata kuzinyooshea kidole. Lakini pa kuvizia ni Juni, msimu wa ngoma za Bulabo. Hapo unakutana na Bagika na Bagalu uso kwa uso. Makundi haya yametoka kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wanabishana nani ana dawa kali. Ubishi ukahamia kwenye ngoma: kila upande unacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Wengine wanaingia na nyoka. Nyoka mzima, mwanangu, chatu kabisa. Sasa mnavyojisifu kwamba Mwanza ni mji wa hip hop kisa Fid Q katokea huku, jueni battle zilikuwepo Usukumani kabla maiki haijafika. Nyomi lilikuwa linapiga kura kwa miguu.

Daraja la Kigongo–Busisi nalo limeingia kwenye listi tangu lifunguliwe Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji. Zamani ulikuwa unakaa foleni ya kivuko mpaka unakula mahindi ya kuchoma ya safari nzima. Siku hizi unavuka wimbo mmoja haujaisha. Masela wanaenda kupiga picha tu na kugeuza. Poa, ila mara moja inatosha.

Haya, jua limezama, tuongee ulabu.

Kwanza tumbo. Mtu anayeanza gambe kwa chipsi kavu huku Mwanza ananiuzi. Uko ziwani! Tafuta sato wa kuchoma, mzima na kichwa chake, kachumbari, pilipili ya kukamua, ugali. Mchana Mwaloni pale Kirumba utaona samaki na dagaa wanavyoshuka na magunia yanavyopakiwa kwenda mikoani hadi nje ya nchi, na korongo wamesimama pembeni kama mabaunsa. Sangara mkubwa ukimkosa usishangae, minofu yake ina safari ndefu, kiwandani kisha Ulaya. Sato ndiye wetu.

Halafu kiwanja. Washua na pisi kali utawakuta The Cask au Villa Park, sauti juu, amapiano, mavazi. Sina ugomvi navyo, ukiwa na mkwanja jirushe. Malaika ni ya wikiendi mchana, ufukweni, hata wasiokunywa wanainjoi. Ila moyo wangu uko kwenye baa za kitaa, Nyakato, Igoma, Mkuyuni, zile za viti vya plastiki na jiko la kitimoto nyuma, ambako mhudumu akifika swali la kwanza ni moja: ya baridi au ya moto? Usicheke. Wazee wa huku bia ya Balimi wanaipiga ya moto, ya kutoka kwenye kreti, na watakueleza kwa hoja kwamba baridi inaua ladha na inaleta kikohozi. Kaa na mzee wa hivyo. Msalimie kwanza, Mwadila, baba, halafu nyamaza. Atakupa stori za pamba ilivyokuwa na bei, za meli ya Kisumu, za mechi za Kirumba ambazo wewe ulikuwa hujazaliwa. Pamba Jiji ikiwa imecheza siku hiyo, jiandae, stori haziishi.

Heshima za meza unazijua: chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, chupa tupu zinabaki mezani mpaka bili ifike, na ukipigwa ofa na mtu usiyemjua, unamshukuru kwa kumpungia mkono, siyo kuhamia meza yake. Mtu akisema "zungusha", hesabu kwanza mmekaa wangapi.

Boda la kurudi geto, patana bei kabla hujaanza kunywa. Chukua namba ya mwana wa boda mapema, saa moja usiku, ukiwa bado unaongea vizuri. Saa saba hiyo, kutoka Kirumba mpaka Nyegezi, atakutajia bei kulingana na unavyoyumba.