Je, Wajua? Vivinjari Vinne, Injini Moja

Chrome, Edge, Opera na Brave kwenye kompyuta ya mezani vyote vinatumia injini moja, Blink. Ukihama kimoja kwenda kingine unabadilisha vitufe na mipangilio tu. Kurasa zinachorwa na injini ileile.

Edge ilijiunga Januari 2020, Microsoft ilipoachana na injini yake.

Chimbuko la Blink ni KHTML, kazi ya watengenezaji wa programu huria wa KDE. Apple waliichukua wakaunda WebKit ya Safari. Mwaka 2013 Google wakaichepusha WebKit, ndiyo Blink.

Anayetaka tofauti ya kweli ajaribu Firefox, yenye injini yake, Gecko. Ajabu ni kwamba Chrome, kila ikifungua tovuti, hujitambulisha kwanza kama “Mozilla/5.0”, jina la watengenezaji wa Firefox.